Kusoma msimbo wa QR kwenye kompyuta bila kuikabidhi picha kwa usiyemjua

Anayefanya kazi mbele ya kompyuta hapa Lubumbashi amekwisha kukutana na jambo hili. Msimbo wa QR umefika, ila haukuja kwenye karatasi. Umekuja ndani ya kompyuta yenyewe: kwenye PDF ya tiketi ya ndege, kwenye barua pepe ya wakala anayefuatilia mzigo uliokwama mpakani Kasumbalesa, au katikati ya ukurasa wa akaunti unaodai uweke ulinzi wa hatua mbili, yaani tarakimu za ziada juu ya neno la siri. Simu imekwisha chaji, au kamera yake imepasuka, au ndiyo hiyo hiyo iliyopokea picha na haiwezi kujipiga picha. Mtu anafungua kivinjari, anatafuta tovuti ya kusoma QR, anachukua ya kwanza inayotokea, anapakia picha yake, anapata jibu.

Jibu lenyewe huwa sahihi. Kinachonisumbua ni safari iliyofanywa na ile picha. Imetoka kwenye mashini yako ikaenda kukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, na safari hiyo haikuwa na ulazima wowote. Kompyuta iliyo mbele yako inaweza kuusoma msimbo yenyewe, modemu ikiwa imechomolewa, kwa kufumba na kufumbua. Ili hilo lieleweke inabidi kwanza tuingie ndani ya ule mraba.

Msimbo wa QR ni maandishi tu. Ni herufi na tarakimu zilizoandikwa kwa miraba midogo myeusi na myeupe badala ya wino wa kawaida. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, inayotengeneza vipuri vya magari. Misimbo ya mistari ya wakati ule ilibeba herufi chache mno, kiasi kwamba mfanyakazi wa kiwandani alilazimika kuskani mistari kadhaa kwenye sanduku moja. Simu zenye kamera zilikuwa bado kabisa. Kampuni ilikuwa na hataza ya uvumbuzi huo lakini ikaacha watu wautumie bila kulipa, mradi wafuate kanuni zake, na mwaka 2000 kanuni hizo zikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 18004. Kwa hiyo namna ya kuusoma si siri ya mtu. Yeyote anayejua kuandika programu anaweza kutengeneza kisomaji, na wengi wametengeneza na kukigawa bure.

Utazame kwa karibu. Kwenye pembe tatu kuna macho makubwa, mraba ndani ya mraba. Ukipitisha mstari katikati ya jicho lolote utakuta nyeusi, nyeupe, nyeusi nene, nyeupe, nyeusi, kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Hara na wenzake walipekua magazeti, vipeperushi na makasha ili wapate uwiano ambao ni nadra kuonekana kwenye kitu kilichochapishwa, ndiyo maana programu huona macho hayo haraka hata karatasi ikiwa imeinama au imepinduliwa. Kati ya jicho na jicho kuna mstari wa miraba inayopishana nyeusi na nyeupe, wa kusaidia kuhesabu safu. Msimbo mdogo kabisa una miraba 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177, na huo mkubwa unaweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Nafasi iliyobaki ni ya maneno yenyewe, pamoja na maneno ya akiba.

Hiyo akiba inastahili kusimama nayo kidogo. Msimbo hutumia hesabu ya Reed na Solomon, wanahisabati wawili wa Marekani walioitangaza mwaka 1960, hesabu hiyo hiyo iliyokuja kutumika kwenye sidii za muziki. Kuna ngazi nne za ulinzi: ya chini hurudisha takriban asilimia 7 ya kilichopotea, ya juu takriban asilimia 30. Ndiyo sababu hati iliyokunjwa mara nne mfukoni, au iliyoangukiwa na muhuri wa zambarau karibu na katikati, bado inasomeka. Miraba iliyofunikwa hupatikana tena kutokana na ile iliyobaki.

Sasa jiulize ni wapi katika kazi hii intaneti ilihitajika. Kutafuta macho matatu, kunyoosha picha, kusoma nyeusi na nyeupe, kurekebisha makosa, kutoa herufi: yote ni hesabu ambayo kompyuta kuukuu kabisa inaimudu.

Maandishi yanayotoka si lazima yawe kiungo cha tovuti. Huu hapa ni msimbo wa wifi, wa aina ambayo mikahawa hubandika ukutani:

WIFI:T:WPA;S:Familia_Katuba;P:mihogo-na-samaki-77;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni neno la siri. Limeandikwa waziwazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. Aliyepakia picha hii kwenye tovuti ya kusoma QR amempa mwenye tovuti jina la mtandao wa nyumbani kwake na ufunguo wake.

Wa pili ni mzito zaidi. Unapoweka ulinzi wa hatua mbili kwenye barua pepe au akaunti ya kazi, ukurasa hukuonyesha msimbo ambao ndani yake mna kitu kama hiki:

otpauth://totp/akaunti-yangu?secret=JBSWY3DPEHPK3PXP

Herufi zinazofuata neno secret ndizo mbegu ya zile tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Mwenye mbegu anatoa tarakimu zile zile unazotoa wewe, leo na mwakani, hadi utakapofuta ulinzi huo na kuuweka upya. Kuipakia picha hii kwenye tovuti ya watu ni kutoa nusu ya mlango wako. Nimeona watu makini, wenye maneno ya siri marefu, wakifanya hivyo bila wasiwasi, kwa sababu macho ya binadamu hayaoni neno lolote pale, yanaona madoa tu. Mashini inaona kila herufi.

Kwa hiyo kuna kazi mbili ambazo simu zimetuzoesha kuziona kama moja. Ya kwanza ni kuusoma msimbo, yaani kupata maandishi. Ya pili ni kufuata maandishi hayo: kufungua kiungo, kujiunga na wifi, kuhifadhi namba ya mtu. Ni kama kusoma anwani juu ya bahasha na kufunga safari hadi kwenye anwani hiyo. Ya kwanza inaweza kufanyika pasipo mtu yeyote duniani kujua. Ya pili karibu kila mara ina mtu wa upande wa pili anayeona kwamba umefika. Kompyuta ina faida hapa kuliko simu, maana inakuruhusu kusimama katikati ya hizo mbili kwa muda unaotaka.

Nirudi kwenye zile tovuti. Ziko za namna mbili na kwa kuziangalia hutazitofautisha. Za kwanza huchukua picha yako, huipeleka kwenye seva yao, huisoma huko, kisha hurudisha jibu. Za pili hupakua programu ndogo ndani ya kivinjari chako, na picha inasomwa papo hapo bila kuondoka. Zote mbili zitakuandikia kwamba zinaheshimu faragha yako. Usisome maneno yao, zipime. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia kwenye tovuti, ngoja ukurasa ukamilike, halafu kata intaneti kabisa: chomoa modemu au zima wifi. Sasa ndipo uweke picha. Ikisomeka, kazi imefanyika ndani ya kompyuta yako. Ukurasa ukizunguka na kulalamika kwamba hakuna mtandao, umeshajua picha ilikuwa inaelekea wapi. Iliyofaulu nayo, ifunge pamoja na dirisha lake kabla ya kurudisha intaneti, isije ikapata nafasi ya kutuma baadaye.

Kuna na mlango wa pembeni ambao wengi hawaufikirii. Ukibonyeza picha kwa kitufe cha kulia ndani ya Chrome, unapewa nafasi ya kuitafuta kwa Google Lens. Lens inasoma QR vizuri sana, lakini inaisoma kwenye seva za Google. Utafutaji wa picha wa Bing, mtambo wa kutafuta wa Microsoft, nao hufanya kazi kwa mtindo huo huo.

Na picha haiendi peke yake. Anwani ya IP yako, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, inakwenda nayo, na saa. Ikiwa ni picha iliyopigwa kwa simu, mara nyingi ina maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: aina ya simu, tarehe, na kama ulikuwa umewasha mahali, hata latitudo na longitudo ya nyumba yako. Ikiwa ni ukurasa mzima wa hati, basi jina lako, namba ya pasipoti na sahihi vimesafiri ili miraba ya pembeni isomwe. Hata pale unapolazimika kutumia tovuti, piga picha ya skrini ya mraba peke yake. Picha ya skrini haibebi mahali ulipo, na kilichokatwa hakiwezi kuvuja.

Sasa njia yenyewe. Kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, ninayoiamini ni ZBar, programu ya bure ambayo msimbo wake wa chanzo uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwenye Ubuntu au Debian, matoleo mawili ya Linux, inawekwa mara moja tu, na ni hapo pekee mega zako zinapoguswa:

sudo apt install zbar-tools

Baada ya hapo chukua picha ya skrini ya msimbo, ihifadhi, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwenye folda hiyo na uandike:

zbarimg picha.png

Mstari mmoja unatokea, unaoanza na QR-Code: na kufuatiwa na maandishi yote. Hakuna dirisha linalofunguka wala tovuti inayoitwa. Maandishi yamelala pale yakikusubiri uamue. Ikiwa msimbo uko kwenye karatasi, amri ya zbarcam huwasha kamera ya laptopu, unaushika msimbo mbele yake, na maandishi yanatoka vilevile. Asiyependa terminali na anayetumia GNOME, sura ya madirisha na menyu ya Linux nyingi, ana programu iitwayo Decoder, yenye vitufe vyake, ambayo husoma kutoka kwenye kamera au kwenye picha ya skrini.

Windows 11 imekuja na kisomaji ndani ya programu yake ya Kamera, kwa hiyo kwa karatasi huhitaji kuongeza kitu. Kwa msimbo ulio kwenye skrini, toleo jipya la programu ya kukata picha za skrini nalo huutambua na kukuonyesha kiungo, ila hapo uwe na mkono mwepesi wa kusoma na mzito wa kubonyeza, kwa kuwa liko tayari kukifungua.

Msimbo ukikataa kusomeka, chanzo huwa ni kukata kwa ubahili. Kiwango kinataka ukingo mweupe wa upana wa miraba 4 kuzunguka msimbo wote, na anayekata picha karibu sana huondoa ukingo huo. Acha nafasi, kuza ukurasa kabla ya kupiga picha ya skrini, na kama msimbo ni mweupe juu ya nyeusi, geuza rangi kwa programu yoyote ya picha.

Maandishi uliyoyapata yabandike kwanza kwenye faili tupu ya kuandikia, si kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, kwa sababu baadhi ya vivinjari hutuma kinachoandikwa pale kwa mtambo wa kutafuta ili kupata mapendekezo. Kisha soma taratibu. Chukua kiungo hiki, ambacho nimekipa mwisho wa .example uliotengwa rasmi kwa ajili ya mifano:

https://benkiyetu.example@malipo-haraka.example/ingia?mteja=40817

Jicho linakimbilia jina la benki. Lakini kila kilicho kabla ya alama ya @ ni jina la mtumiaji tu, na kompyuta itakwenda malipo-haraka.example. Kanuni ni kutafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya ile miwili ya mwanzo, kisha kusoma jina linaloishia hapo, ukianzia mwisho na kurudi nyuma. Hilo ndilo linalokupokea. Kile cha baada ya alama ya kuuliza, mteja=40817, ni alama yako: ukifungua, mwenye tovuti anajua ni wewe hasa uliyefungua, na si mtu mwingine aliyepokea barua kama yako. Mara nyingi unaweza kuifuta sehemu hiyo na ukurasa ukafunguka vizuri. Ukurasa ukikataa, umejua kwamba walikuhitaji wewe, na uamuzi unabaki wako.

Misimbo mingi ya matangazo haina hata anwani halisi. Ina kiungo kifupi cha kampuni ya katikati, ambayo huandika saa, aina ya kifaa na eneo la kukadiria kabla ya kukusukuma mbele. Ndivyo mwenye tangazo anavyojua watu wangapi wameskani bango lake, na pia ndivyo anavyoweza kubadilisha mwisho wa safari bila kuchapisha karatasi nyingine. Ukitaka kujua kiungo kifupi kinaelekea wapi bila kufungua ukurasa, amri ya curl -I kwenye terminali, ikifuatwa na kiungo, itakuonyesha mstari wa location, wenye anwani ya mbele. Kampuni ya katikati bado itaona IP yako. Ambaye hilo linamgusa atumie Tor Browser, kivinjari kinachoficha IP.

Wanaobandika misimbo ya uongo wapo kweli. Januari 2022 polisi wa Austin, Texas, walichunguza stika za QR za matapeli zilizokutwa kwenye mashine za kulipia maegesho, na mwezi huo huo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikatoa onyo kwa umma. Stika ile hutoka kwenye printa ya kawaida, na hapa mjini printa za kawaida ziko kila kona. Meneja wa mkahawa au wakala wa pesa kwa simu mwenye msimbo mezani afanye mazoea ya kuupapasa kwa kidole, kuona kama kuna karatasi juu ya karatasi.

Kisomaji chenyewe nacho kinaweza kugeuka. Programu moja ya Android ya kuskani misimbo, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10 na kufanya kazi yake kwa miaka bila kelele, ilipata sasisho mwishoni mwa 2020 na kuanza kufungua matangazo yenyewe kwenye simu za watu. Kwa hiyo programu isiyohitaji mtandao ili ifanye kazi yake isipewe mtandao, na iliyotoka kwenye hazina rasmi ya mfumo wako ni bora kuliko iliyotoka kwenye tangazo.

Pale ambapo kompyuta si yako, mambo yanabadilika. Kwenye vibanda vya fotokopi karibu na kampasi ya chuo kikuu ya Kasapa, mwanafunzi hutuma hati yake kwa WhatsApp ya kibanda: "Papa, nimeshatuma, angalia." Papa anaipakua, anaichapisha, wanalipana, wanaagana. Hati inabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa pamoja na za wateja wa wiki nzima, na kila msimbo uliomo unasomeka na atakayekalia kiti hicho kesho. Mwombe aifute mbele yako, kwenye folda na kwenye pipa la taka, halafu na kwenye mazungumzo. Hilo si kumtuhumu mtu. Kongo ina Sheria ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, Sheria-Agizo namba 23/010, na sehemu yake moja inahusu ulinzi wa taarifa binafsi. Mteja anayeuliza anadai kitu ambacho sheria inakitambua.

Umebaki msimbo unaokwenda kinyume na yote niliyoyaeleza: ule ambao kompyuta inauonyesha na simu ndiyo inausoma. WhatsApp na Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, huutumia kuunganisha kompyuta na akaunti yako. Huo hauna siri yako ndani yake, una ufunguo wa kompyuta, na kuuskani ni kuiambia akaunti: mkaribishe huyu. Februari 2025 watafiti wa usalama wa Google walieleza jinsi vikundi vinavyofungamana na Urusi vilivyowatumia watu misimbo ya namna hii iliyovikwa sura ya mwaliko wa kundi la Signal. Aliyeskani hakuingia kundi lolote, aliunganisha kompyuta ya mpelelezi na mazungumzo yake. Ukiusoma msimbo wa mwaliko kwa ZBar kabla ya kuunyooshea simu, utaona tofauti: mwaliko wa kweli wa kundi la Signal huanza na https://signal.group, na msimbo wa kuunganisha kifaa huanza na sgnl://linkdevice.

Kwenye saiba za mjini WhatsApp ya kompyuta hufunguliwa na watu wengi kwa siku, na kufunga dirisha hakuvunji muungano. Kinachouvunja ni kwenye simu, katika mipangilio, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: pale panaonekana kila kompyuta na saa iliyotumika mara ya mwisho, na kila moja inaondolewa kwa kuigusa. Inawezekana hata ukiwa umeshafika nyumbani Ruashi, mradi simu ina mega kidogo.